Chozi Lisilo na Kibali

Ipo nchi moja, wala si hii unayokaa wewe, ambayo serikali yake iliwapenda sana wananchi hadi ikataka kujua kila wanachokipenda, kila kinachowaudhi, na saa wanayolala. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, ni kwa utii tu, maana kulitaja jina la nchi hiyo pasipo kutanguliza sifa zake ni kosa, na sifa zake ni ndefu, zingemaliza karatasi.

Katika nchi hiyo kila mtu alikuwa na simu. Wapo waliokosa choo, wapo waliokosa dawa, lakini simu walikuwa nayo, na humo simuni ndimo walimoishi. Serikali ilipoliona hilo ikatunga Sheria ya Staha Mitandaoni. Ilikuwa sheria nzuri. Ilikataza kusambaza ujumbe usiomjua mwandishi wake wa kwanza. Ilikataza kupiga picha barabara yenye mashimo, kosa lililoitwa kuionyesha mali ya umma ikiwa haijavaa. Ilikataza kujitoa katika kundi la mtaa bila ruhusa, na vilevile ilikataza kukaa kimya katika kundi ambamo kiongozi amepongezwa. Kucheka kulikuwa na masharti. Kulia kulihitaji kibali.

Wengi hawakuijua sheria hiyo, na hilo si kosa la serikali. Serikali iliichapisha kwenye tovuti yake, na tovuti ilikuwa wazi kwa kila raia mwenye leseni ya kufungua tovuti. Basi wananchi wakaivunja asubuhi wakipiga mswaki, wakaivunja mchana kazini, wakaivunja jioni wakisubiri ugali uive, na wakaishi kwa amani zao kama mtu aliyelala juu ya nyoka aliyeshiba.

Mashavu binti Kondo alikuwa mmoja wao. Alikaa Kinyamwe, mji mdogo ulio ng'ambo ya Mto Lufisi, na kazi yake na mumewe Hemedi ilikuwa mikate. Mashavu alikanda na kuoka. Hemedi aliifunga kwenye baiskeli, akaivusha kwa mtumbwi, akaiuza upande wa pili, hospitalini na shuleni. Waliishi na mama yake Hemedi, Bi Tatu, mwanamke mkavu wa maneno, pamoja na binti yao Siwema, kitoto kichanga ambacho kilikuwa hakijajua hata kukaa.

Walivuka kwa mtumbwi kwa sababu daraja lilikuwa bado. Nisieleweke vibaya: daraja lilikuwepo. Waziri wa Madaraja na Vivuko, Mheshimiwa Injinia Mbilinge, alikwisha kulizindua mara tatu. Kwanza alizindua jiwe la msingi, kisha akazindua mwanzo wa daraja upande huu, kisha akazindua mwisho wake upande ule. Daraja lilikuwa na kichwa na lilikuwa na miguu. Kilichokosekana ni kiwiliwili tu, na wataalamu walisema kiwiliwili kipo kwenye mchakato.

Masika yakafika, mto ukafura. Hemedi alivuka na mikate yake hivyo hivyo, kwa kuwa mgonjwa haahirishi njaa. Mtumbwi ulipinduka katikati, pale pale ambapo kiwiliwili cha daraja kilipaswa kuwa. Watu waliokuwa ukingoni waliiona mikate ikielea kwenda zake kwenye matete. Hemedi mwenyewe alipatikana kesho yake. Walimzika, wakamsomea, arobaini ikapita, na Mashavu akarudi kwenye unga, maana unga haukufiwa.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka ananyonyesha, na mkono wa pili unapitisha simu kama wanyonyeshao wote wafanyavyo. Alikuwa akitazama mtu anasuka nywele. Nywele zikaisha, ukaja ukurasa wa Mheshimiwa Mbilinge. Waziri alikuwa amesimama juu ya daraja, mikono ameitandaza, na picha ilikuwa imekatwa pale pale zege lilipokatikia. Chini yake aliandika: "Wananchi wa Kinyamwe sasa wanavuka kwa raha." Wafuasi walikuwa wamemmiminia makopa mekundu na madole gumba, wengi wao wakiwa watumishi wa wizara yake, waliokumbushwa asubuhi hiyo kwamba wana furaha.

Mashavu aliyatazama maji chini ya viatu vya Waziri. Hakuandika neno. Alibonyeza kile kikatuni cha uso wenye chozi, akaiweka simu chini, akamhamishia mtoto titi la pili.

Uhalifu wake ndio huo. Sijaficha kitu.

Mjini kulikuwa na Kitengo cha Kufuatilia Hisia za Wananchi, na ukutani mwake palikuwa na kioo kikubwa kilichoonyesha furaha ya taifa ikipanda. Siku ile kilionyesha bahari ya makopa mekundu, na katikati ya bahari hiyo, tone moja la rangi ya njano. Mkurugenzi aliacha chai yake ipoe. Jina likatafutwa, nyumba ikajulikana, na Inspekta Ngwale akatumwa na askari wawili wenye silaha wakailete hiyo huzuni ofisini.

Walifika mtoni na gari lao, wakapanda darajani, wakakuta limeishia hewani. Wakarudi kinyumenyume. Wakapanda mtumbwi. Maji yalikuwa bado makubwa, na askari mmoja, ambaye hakujua kuogelea, alivuka amefumba macho na bunduki ameikumbatia. Upande wa pili alikaa kwanza mchangani, ndipo akafumbua macho. Kisha wote watatu wakaenda kumkamata mwanamke aliyetilia shaka kwamba watu wanavuka kwa raha.

Walimkuta mikono yake imezama kwenye unga. Ngwale akamuuliza kama yeye ndiye Mashavu aliyelia. Mashavu akataka kujua alilia wapi na lini, maana siku hizo alikuwa hawezi kuzitenganisha.

"Kwenye ukurasa wa Mheshimiwa," Ngwale akasema.

Mashavu akakumbuka. "Ndiyo, afande. Nililia."

Ngwale hakuwa mtu mbaya. Alimshauri asiwe na haraka ya kujibu. Mshtakiwa mwenye busara husubiri kwanza aambiwe alichofanya.

Bi Tatu alitoka ndani, akauliza mkwewe ameiba nini. Wakamwambia hajaiba, ameonyesha hisia. Bi Tatu alimfunga Siwema mgongoni mwa mama yake, akajitanda kanga, akawafuata hadi mtoni. Wakavuka wote kwa mtumbwi ule ule, na yule askari asiyejua kuogelea, mtumbwi ulipoyumba, alishika pindo la kanga ya mhalifu na hakuliachia mpaka nchi kavu.

Mkurugenzi wa Kitengo alimpokea Mashavu kwa heshima, akampa kiti, akamweleza sera. "Dada yangu," alisema, "hakuna nchi yenye uhuru wa kulia kama hii. Unaomba, unasubiri, unajibiwa, ndipo unalia. Sasa kila mtu akilia pale panapomuuma, serikali itajenga wapi? Kwenye tope?"

Mashavu alimweleza kwamba mumewe alifia pale pale kwenye picha. Mkurugenzi akampa pole kwa niaba ya Kitengo, na mara hiyo hiyo akamwagiza karani asiiandike hiyo pole, isije ikaeleweka kwamba Kitengo kimekiri kuwa pale pana mto.

Shida ikaja kwenye ushahidi. Mashine ya kuchapisha ilikuwa na wino uliokaribia kwisha, na kile kikatuni kilitoka kidogo kama punje ya choroko. Nusu ya maofisa waliona uso unaolia. Nusu waliona ule uso mwingine, unaocheka mpaka machozi yanatoka. Na haya kisheria ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa: kuomboleza bila kibali ni kifungo cha miaka miwili, kucheka kwa kejeli ni mwaka mmoja, na kucheka kwa furaha si kosa bali ni wajibu. Basi Mkurugenzi akaamua Mashavu ashtakiwe kwa kulia na kwa kucheka pia, mahakama yenyewe ichague.

Mahakamani aliletwa mtaalamu kutoka Taasisi ya Taifa ya Ufasiri wa Nyuso, daktari mwenye suti ya vipande vitatu. Alitundika michoro miwili mikubwa, akazungumza asubuhi nzima. Alieleza kwamba chozi la huzuni hushuka, chozi la kicheko huruka, ila chozi lililo mbele ya mahakama halishuki wala haliruki, limesita. Hakimu, mzee aliyekuwa akitazama saa, akauliza kwa nini asiulizwe mwenye chozi. Daktari alijibu kwamba mwenye chozi ana maslahi katika jambo hilo, na sayansi haishauri.

Kesi ikasimama kidogo. Wakili aliyepewa Mashavu na serikali, mtu mpole aitwaye Tibenda, alimchukua hadi kwenye korido pamoja na mama mkwe wake, akawaambia mambo yalivyo. Mheshimiwa Waziri hapendi kesi hii iendelee. Karibuni anakuja kuzindua mpango wa kiwiliwili, na kuna wageni wa nje watakaokuja kutazama. Mashavu akisema tu kwamba alicheka, kwamba alilifurahia daraja mpaka machozi yakamtoka, shauri limekwisha, anarudi kuoka mikate leo hii. Akisema alilia, ni miaka miwili.

Mashavu akauliza kuhusu mtoto.

"Utaingia naye," Tibenda akasema, akitazama viatu vyake. "Akiacha kunyonya, serikali itamchukua, itamtafutia mahali."

Akawaacha wafikiri. Mashavu alikaa kwenye benchi, mtoto kifuani. Alikuwa hajalia tangu mazishini, kwa macho yake mwenyewe hasa. Kile kikatuni ndicho kilichokuwa kimemlilia. Akamwambia mama mkwe kwamba hawezi. Atasimamaje mbele za watu aseme alicheka?

Bi Tatu alikuwa akimtazama mjukuu wake.

"Sema ulicheka, mwanangu," akasema. "Hemedi hatakusikia. Huyu ndiye anayesikia."

Walirudi ndani. Mashavu akasimama kizimbani, akasema alicheka. Hakimu akamuuliza alicheka kwa sababu gani, naye akasema kwa furaha ya daraja. Mwendesha mashtaka akaridhika, Tibenda akaridhika, na hata yule daktari akasema sasa anaona wazi kwamba chozi lilikuwa limeanza kuruka. Lakini hakimu alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alisema mahakama haiwezi kuandika kicheko ambacho haijakisikia, kwa hiyo mshtakiwa acheke kama alivyocheka siku ile.

Mashavu akamtazama Tibenda. Tibenda akaitikia kwa kichwa.

Akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kama mtu anayekohoa, kisha kikashika, kikawa kirefu, kikapanda hadi kwenye mapaa, na machozi yakamjaa usoni yakadondokea kichwani mwa mtoto. Karani aliacha kuandika. Mlinzi wa mlangoni alitoka nje. Hakimu ilimbidi agonge meza ili kinyamaze, na kilipokoma akatangaza kuwa mshtakiwa hana hatia, ila akae katika hali ya furaha mpaka atakapoarifiwa vinginevyo.

Bi Tatu alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Alisimama akaenda kumpokea mtoto.

Kabla hawajavuka mto kurudi nyumbani, kicheko kile kilikwisha kuwatangulia. Kitengo kilikuwa kimekirekodi, na Waziri alikiweka kwenye ukurasa wake: mwananchi wa kawaida wa Kinyamwe akilia kwa kicheko juu ya daraja jipya. Nchi nzima ikatazama. Watu wakakitumia kuwatakia ndugu zao siku njema. Kampuni moja ya simu ikakifanya mlio.

Kinyamwe pia walitazama. Na Kinyamwe, ule mto haukumla Hemedi peke yake. Kila mtaa ulikuwa na mtu wake mle ndani. Asubuhi Mashavu akatandaza mikate mezani, jioni akaianua. Wanawake walipita upande wa pili wa njia. Mmoja aitwaye Chausiku, aliyefiwa na dada yake kwenye mtumbwi wa mwaka wa nyuma, alisimama mbele ya meza akamuuliza kama mikate nayo inachekesha.

Bi Tatu alimsikia kutoka ndani. Alitoka akasimama kati yao. "Aliyemwambia acheke ni mimi," akasema. "Aliyemzaa yule maiti ni mimi vilevile. Mwenye hasira azilete kwangu." Chausiku akaondoka. Hakununua mkate, lakini hakurudi tena na maneno.

Siku ya kuzindua kiwiliwili ilipofika, Ngwale alikuja kumchukua Mashavu, safari hii akiwa mgeni rasmi. Kiwiliwili chenyewe kilikuwa kimechorwa kwenye kitambaa kirefu, na kitambaa kimetandazwa kutoka kichwani hadi miguuni mwa daraja, kikipepea juu ya maji kwa namna ya kupendeza. Mheshimiwa Mbilinge alihutubia. Alisema kuna nchi zilizoanza na daraja zima na leo hazina kitu cha kuzindua. Alisema maendeleo hayavuki mto kwa pupa. Ukurasa wake ulikuwa unarusha yote moja kwa moja, na taifa lilikuwa linatazama.

Kisha akamwita Mashavu, akampa kipaza sauti, akamwomba awape wananchi kile kicheko chao.

Mashavu alisimama na Siwema mgongoni. Alitazama chini, ambako kitambaa kilikuwa kinagusa maji, kinanyanyuka, kinagusa tena. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Baadaye aliniambia kwamba haukuwa ushujaa. Alikitafuta kweli kile kicheko, kwa ajili ya mtoto, akakuta kimekauka. Waziri alimsubiri akitabasamu. Wageni wa nje walisubiri. Tabasamu la Waziri likaanza kuchoka pembeni.

Hapo ndipo Bi Tatu, aliyekuwa katikati ya wanawake, alipoivua kanga mabegani, akaifunga kiunoni kama wafungavyo wafiwa, akasogea mpaka ukingoni mwa maji.

"Hemedi," akaita. "Hemedi, mwanangu."

Akaangua kilio. Hakuomba, hakusubiri, hakujibiwa. Chausiku akamfuata akimwita dada yake. Mwingine akamwita mume, mwingine akamwita baba, na majina yakawa mengi kuliko hotuba. Mashavu naye akakaa chini pale pale jukwaani, kipaza sauti mkononi, akalia kwa mara ya kwanza tangu wamzike, na sauti yake ikaenda nchi nzima kupitia ukurasa wa Mheshimiwa. Maofisa walihangaika kuzima. Ilikuwa vigumu, kwa sababu aliyeishika simu ya kurushia hotuba alikuwa mzaliwa wa Kinyamwe, naye alikuwa na jina lake la kuita.

Mambo haya yaliipa sheria kazi. Kulia ardhini hakukuwa kosa. Sheria ilihusu mitandao. Kosa lilikuwa kukirusha kilio, na aliyekirusha, kwa ushahidi wote, alikuwa Mheshimiwa Waziri. Maofisa wa Kitengo walikaa kikao kirefu. Mwishowe Mkurugenzi akagundua kifungu cha kulia karibu na mtandao, akakiandika, akakitia sahihi. Waziri akapandishwa cheo kwa uvumilivu. Mashavu aliachwa, kwa sababu kuukamata uso wa furaha ya taifa kungeleta maswali. Wakamchukua aliyeanza.

Bi Tatu alipelekwa mbele ya hakimu yule yule. Tibenda yule yule alikuwa amekwisha kumweleza njia ya kutokea: aseme yalikuwa vigelegele vya shangwe, upepo wa mtoni ndio ulioviharibu, naye arudi nyumbani. Safari hii mtaalamu hakuitwa, bajeti ya nyuso ilikuwa imekwisha. Hakimu akamuuliza moja kwa moja kama yale yalikuwa vigelegele au kilio.

Bi Tatu akasema kilikuwa kilio.

Tibenda akamvuta kanga kwa nyuma. Hakimu alivua miwani. Alimkumbusha kwamba ni miaka miwili, na umri wake haukuwa wa kulalia sakafu. Akamkumbusha pia, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula, kwamba mkwewe alisimama kwenye kizimba hicho hicho, akaulizwa swali hilo hilo, akachagua kwa busara.

Bi Tatu aligeuka akamtazama Mashavu, aliyekuwa kiti cha nyuma na mtoto kifuani. Kisha akamgeukia hakimu.

"Yule alikuwa ananyonyesha, baba," akasema. "Mimi sinyonyeshi. Andika kilio."